Kabla jipsamu haijafunika: kazi ya mbao ambayo mafundi wengine wote huitegemea

Mlango ukijifungua wenyewe, mwenye nyumba humwita fundi aliyeutundika. Fundi atakaza bawaba, atazibandua, atazipachika upya, na mlango utaendelea kujifungua. Mimi nikiitwa siangalii bawaba. Naweka pima maji, kile kifaa cha kipovu kinachoonyesha wima na mlalo, kwenye mwimo, na mara nyingi nakuta umelala milimita 4 au 5 kutoka juu hadi chini. Kosa hilo lilifanyika zamani, kabla ya lipu na kabla ya rangi, siku ambayo seremala wa mwanzo alipigilia mbao zake akasema inatosha.

Mimi ndiye seremala wa mwanzo. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini: nguzo za kuta za mbao, nafasi za milango, mbao za kubebea dari, vipande vya ndani ya ukuta. Karibu vyote hufunikwa. Atakayejua kama nilifanya vizuri ni fundi wa jipsamu (zile bodi bapa za kufunikia kuta na dari), wa vigae, wa makabati, wa milango na wa rangi. Kwa hiyo kila ninaposhika nyundo najiuliza swali moja: nani atakuja kufunga nini hapa, na skrubu yake itakamata wapi? Haya ninayoandika yote yanatoka kwenye swali hilo.

Anza kwa kuwauliza

Usisubiri mafundi wa kumalizia waje ndipo ujue wanataka nini. Wakati huo ukuta umeshafungwa. Kabla sijakata mbao ya kwanza natafuta majibu ya mambo machache: jipsamu itakuwa ya upana gani na unene gani, sakafu itapanda kiasi gani ikishawekwa zege laini na vigae, makabati ya jikoni yataanzia kimo gani, sinki la kunawia litakaa juu ya mguu wake au litaning'inia ukutani, mapazia yatafungwa wapi, televisheni itatundikwa wapi, ngazi itakuwa na mkono wa kushikia upande gani. Majibu nayaandika kwa penseli kwenye kipande cha plaiwudi na kukitundika kwenye jengo, kwa sababu karatasi hupotea na simu huzimika.

Kama mtu hajaamua, muulize mara ya pili. Kama bado hajaamua, weka mbao mahali pote ambapo anaweza kuja kuamua. Vipande vichache vya mbao ni nafuu kuliko kubomoa ukuta uliokwisha kupakwa rangi.

Mstari wa mita moja

Sakafu ya zege ghafi haiko sawa. Ukipima vimo kutoka kwenye zege, kila chumba kitakuwa na kimo chake. Ndiyo maana natafuta kwanza sehemu ya zege iliyo juu kuliko zote katika nyumba nzima, naongeza unene wa umaliziaji wa sakafu, kisha napanda mita moja kamili. Tuseme zege laini la kusawazishia ni milimita 45, gundi 5 na kigae 10. Jumla ni 60. Basi mstari wangu utakuwa milimita 1060 juu ya ile sehemu ya juu kabisa ya zege, na kila fundi atakayekuja baadaye atajua kwamba sakafu yake iliyokamilika iko mita moja chini ya mstari huo.

Kuhamisha mstari kutoka chumba hadi chumba, taa ya leza ni nzuri, lakini mpira mwangavu wa maji haujawahi kuniangusha. Ujaze taratibu kutoka upande mmoja, uuangalie wote kwa urefu wake, na kama kuna kipovu hata kimoja cha hewa, umwage uanze tena. Kipovu hudanganya. Halafu toa vidole kwenye ncha zote mbili, subiri maji yatulie kabisa, ndipo uweke alama. Pima maji yako nayo ijaribu kila asubuhi: iweke ukutani, chora mstari, igeuze kulia kushoto, iweke tena kwenye mstari uleule. Kama kipovu hakikai palepale, pima hiyo haifai kazi siku hiyo.

Mbao yenyewe

Mbao mbichi ni adui wa fundi wa rangi. Mbao inapokauka hupungua upana na unene, ila urefu wake karibu haubadiliki. Tena haipungui sawasawa pande zote: kufuata mviringo wa pete za mti hupungua karibu mara mbili ya inavyopungua kuelekea kwenye kiini. Ndiyo sababu mbao iliyopasuliwa ikiwa mbichi hujikunja kama kigae cha paa. Sasa fikiria umeshaifunga jipsamu juu yake. Ncha ya msumari imebaki imeng'ang'ania ndani, uso wa mbao umerudi nyuma, na kichwa cha msumari kinachomoza kwenye rangi kama chunusi. Fundi wa rangi ataziba, na msimu ujao zitatokea nyingine. Kosa si lake.

Kwa hiyo nunua mbao mapema, zipange ndani ya jengo penye kivuli, kila safu ikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, na uzipe wiki kadhaa. Kipimo cha unyevu kikipatikana, mimi hupenda kusoma chini ya asilimia 18 kabla ya kufunika. Kisipopatikana, chukua kipande kifupi, kipime uzito, kianike ndani kwa siku chache, kipime tena. Kama bado kinapungua uzito, subiri.

Kisha angalia kila mbao kwa jicho moja, ukiwa umeinua ncha moja hadi usoni kama mtu anayelenga shabaha. Karibu kila mbao ndefu ina mgongo, upande mmoja umetuna kidogo. Weka mshale wa penseli kwenye mgongo huo. Nguzo za ukuta mmoja zote zielekeze migongo upande mmoja. Ukichanganya, moja ikitazama huku na jirani yake kule, ukuta utakuwa na mawimbi, na mawimbi hayo utayaona vizuri kabisa siku skatingi, ule ubao wa kufunika chini ya ukuta, itakapowekwa ndefu na nyoofu chini yake. Zilizonyooka kuliko zote zitenge kwa ajili ya jikoni na bafuni, maana makabati na vigae havisamehe.

Mbao inayogusa zege au tofali lazima iwe imetiwa dawa, na chini yake itandike ukanda wa plastiki nzito. Ukikata mbao yenye dawa, ndani yake umefungua mlango kwa mchwa na unyevu, kwa hiyo ncha iliyokatwa ipakwe dawa kwa brashi palepale, si kesho. Na mabaki ya mbao hizo usiyachome kupikia chai. Moshi wake una sumu.

Nafasi ya mlango

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi huzaliwa.

Nafasi ya mlango haipimwi kwa kukisia. Inajengwa kutoka kwenye jani la mlango kwenda nje. Chukua jani la upana wa milimita 800. Kila upande kuna mwanya wa milimita 3 ili mlango uzunguke bila kusugua, hizo ni 6. Fremu ina unene wa 32 kila upande, hizo ni 64. Nyuma ya fremu acha 10 kila upande kwa ajili ya kabari, hizo ni 20. Jumla 890. Huo ndio upana kati ya nguzo na nguzo.

Kimo nacho ni vilevile, ila usisahau sakafu. Jani la milimita 2000, mwanya wa chini 10, mwanya wa juu 3, fremu 32, nafasi ya juu 10. Unapata 2055 kutoka kwenye sakafu iliyokamilika. Lakini wewe umesimama kwenye zege ghafi, na sakafu bado itapanda zile 60. Kwa hiyo kutoka kwenye zege ni 2115, na njia salama ni kushuka au kupanda kutoka kwenye mstari wako wa mita: 1055 juu yake. Nimeona milango ikikatwa chini kwa msumeno wiki moja kabla ya watu kuhamia, kwa sababu tu mtu alipima kutoka kwenye zege na akasahau vigae. Mlango wenye mashimo ndani ukiukata sana chini, unaondoa ile mbao ngumu iliyoushikilia.

Nguzo za pande mbili zisimame wima kwa pande zote mbili, yaani uso na ubavu. Wengi hupima ubavu tu. Tundika timazi, acha uzi utulie, pima umbali wa uzi na nguzo juu, katikati na chini. Nambari tatu zifanane. Kisha simama ubavuni mwa ukuta utazame nguzo mbili kwa pamoja: kama moja imeegemea mbele na nyingine nyuma, mlango utagusa kizuizi chake juu na kuacha uwazi chini, hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Hiyo ni hitilafu inayomtesa sana fundi wa milango kwa sababu hawezi kuiondoa kwa kabari. Mwisho pima kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, kona za nafasi yako ni pembe mraba.

Upande wa bawaba ongeza nguzo ya pili, zipigilie pamoja ziwe kitu kimoja. Kwenye kimo cha kitasa, upande wa pili, weka kipande cha mbao nyuma, ili kabari ziwe na kitu cha kubana na mlango ukibamizwa ukuta usitikisike.

Kama ukuta ni wa tofali na utapigwa lipu, fremu au mbao za kuzunguka nafasi zitokeze nje ya tofali kwa unene wa lipu hasa. Lipu ikiwa milimita 15, mbao zitokeze 15. Fundi wa lipu ataburuta ubao wake juu yake na kupata uso ulionyooka, na fundi wa milango atapigilia pambo la fremu bila kukuta uso mmoja umezidi mwingine. Kazi ndogo, inawasaidia watu wawili.

Vipande vya ndani ya ukuta

Miaka ya nyuma nilifunga ukuta wa mbao bafuni. Niliambiwa sinki litakuwa na mguu wake, kwa hiyo sikuweka kitu nyuma. Baadaye mwenye nyumba akapenda sinki la kuning'inia. Hakuna aliyenipigia. Fundi bomba akatoboa kigae na jipsamu, akaingiza plagi za plastiki, akakaza. Lilikaa miezi michache. Siku moja mtoto aliliegemea ili anywe maji, likainama mbele, bomba likakatika. Mtoto hakuumia, namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo. Lakini maji yalipita chini ya ukuta hadi chumba cha pili, na tulipofungua tukakuta nguzo zangu zimesimama vizuri kabisa, kila moja wima, na katikati yake hewa tupu.

Tangu siku hiyo kila ukuta wa bafuni naufunga mkanda wa mbao kutoka nguzo hadi nguzo, iwe umeombwa au haukuombwa. Kwa sinki, mbao pana ya milimita 150 au plaiwudi ya milimita 18, kati ya 700 na 900 juu ya sakafu iliyokamilika. Kando ya choo na bafu naweka mkanda mwingine kwa ajili ya vishikio, kwa sababu kila mtu huzeeka au huvunjika mguu, na kishikio kilichofungwa kwenye jipsamu tupu ni hatari kuliko kukosa kishikio. Jikoni naweka mikanda miwili, mmoja penye chini ya makabati ya ukutani na mwingine penye juu yake, kufuata vimo nilivyopewa na fundi wa makabati. Juu ya madirisha naweka mmoja unaopita kila upande wa dirisha kwa milimita 200 hivi, kwa ajili ya fimbo ya pazia. Kwenye kona za ndani naweka nguzo ya ziada ili jipsamu za kuta zote mbili zipate pa kushika. Kona isiyo na mbao hupasuka rangi mapema.

Uso wa vipande hivi uwe sawasawa na uso wa nguzo. Kikitokeza milimita 2 tu, jipsamu itatuna, kigae kitapasuka au kitasimama nje ya mwenzake. Kikiingia ndani, skrubu itavuta jipsamu hadi ivunjike. Mimi huweka rula ya mita mbili kwenye nguzo tatu kwa pamoja, natelezesha kipande nyuma yake mpaka kiguse, ndipo napigilia. Kwa msumari, kanuni ninayoifuata ni urefu wa mara mbili na nusu hadi tatu ya unene wa mbao inayofungwa. Ukipigilia karibu na ncha ya mbao, bonda kwanza kichomo cha msumari kwa nyundo kiwe butu. Butu hukata nyuzi za mbao. Kilichochongoka huzitenga na kuzipasua.

Mabomba na nyaya

Fundi umeme na fundi bomba watataka kutoboa mbao zako. Wakubalie, lakini uwe umewaonyesha mahali. Kwenye boriti, tundu lipite katikati ya kimo, lisizidi theluthi moja ya kimo hicho, na kutoka ukingo wa juu au wa chini libaki angalau milimita 50. Kuchonga pengo kwenye ukingo wa chini katikati ya boriti sikubali kamwe, hapo ndipo mzigo unapovuta zaidi. Kwenye nguzo, bomba au waya ukipita karibu na uso, pigilia bamba la chuma mbele yake, vinginevyo skrubu ya fundi wa jipsamu itatoboa bomba au waya huo.

Dari

Usifunge mbao za dari kabla paa halijabeba mzigo wake wote. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zikiwekewa vigae hulala kidogo, na dari iliyonyooka jana itakuwa na tumbo leo.

Brandaringi, zile mbao za inchi mbili kwa mbili za kubebea dari, hufuata jipsamu na si kinyume chake. Jipsamu ya milimita 1200 kwa 2400 inagawanyika vizuri kwa 400 na kwa 600, kwa hiyo nafasi hupimwa kutoka katikati ya mbao hadi katikati ya mbao, ili maungio mawili ya jipsamu yagawane mbao moja nusu kwa nusu. Anza mpangilio kutoka katikati ya chumba ili vipande vya pembeni vilingane. Zungusha mbao pembeni mwa kuta zote nne.

Usiamini chini ya kenchi. Vuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta ukifuata mstari wako wa mita, ukiwa umeuinua kwa vipande viwili vya unene mmoja, na kipande cha tatu chenye unene huohuo upitishe kati ya uzi na kila mbao. Kikipita kwa ulaini uleule kote, dari iko sawa. Palipopungua weka kibanzi, palipozidi piga randa. Feni na taa nzito zifungiwe kwenye boriti au kenchi, au kwenye mbao nzito uliyoipigilia kati ya kenchi mbili. Brandaringi kazi yake ni kubeba jipsamu tu. Na acha nafasi ya kupandia darini, milimita 600 kwa 600, imezungushiwa mbao pande zote. Atakayekuja kutafuta uvujaji baada ya miaka kumi atakuombea dua.

Ukaguzi wa mkono na taa

Kabla sijakabidhi, napita na rula ya mita mbili kwenye kila ukuta, wima, mlalo na mshazari. Mwanya kati ya rula na mbao usizidi milimita 3, na jikoni mimi hutaka 2. Kisha nasubiri jioni. Nashika taa, naiweka karibu kabisa na ukuta ili mwanga uteleze juu ya nguzo, na kila nguzo iliyotokeza inatupa kivuli kwa jirani yake. Napitisha kiganja kwenye uso wa mbao kutoka juu hadi chini. Kiganja kinasikia kichwa cha msumari ambacho jicho limekipita. Chochote kinachokwaruza nakizamisha kwa nyundo na kishindilia msumari.

Baada ya hapo napiga picha kila ukuta ukiwa wazi, tepu ikiwa imenyooshwa ndani ya picha kutoka kwenye mstari wa mita, ili vipimo vya kila kipande vionekane. Kwenye zege, chini ya kila nguzo, nachora alama ya penseli, na palipo na mkanda wa ndani naandika kimo chake. Picha na ule ubao wa plaiwudi nampa mwenye nyumba mbele ya mafundi wanaofuata.

Halafu nafagia. Fundi wa jipsamu akileta ubao wake wa kwanza namsaidia kuuinua, na sitoki chumbani mpaka nisikie skrubu zake za mwanzo zikiuma mbao.